Tombo (Uluguru)

Tombo ni tawi la ukoo wa Waluguru wa mkoa wa Morogoro, Tanzania, linalohesabiwa kwa upande wa mama. Neno hili katika Kiluguru lina maana ya ziwa la mama. Matombo kadhaa huunda *lukolo*, yaani ukoo, na mtoto huwa wa lukolo la mama yake.

Haki ya ardhi hutokana na waanzilishi: ukoo uliotangulia kufyeka msitu kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, ndio wenye eneo hilo. Kiongozi wa ukoo kwa kawaida ni mwanamume, mara nyingi mjomba, lakini ardhi hupita kwa wanawake. Ndiyo sababu bibi aliyeishi miaka mingi akilima bustani yake ni kiungo muhimu kati ya waanzilishi na wajukuu, na baada ya kufa hukumbukwa katika tambiko la ukoo.

Mgeta, upande wa magharibi wa milima, hujulikana kwa bustani za kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, ambazo mazao yake huuzwa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Mwaka 1955 Waluguru walipinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na mpango huo ukasimamishwa. Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi.