Misimu ya Mto Katuma

Mto Katuma huteremka kutoka vilima vya upande wa Mpanda, magharibi mwa Tanzania, hupita katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huendelea kupitia Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Bondeni humo theluji haianguki. Barafu huonekana tu pale mvua ya mawe inapopiga mabati na kuchana majani ya mahindi machanga.

Mvua hunyesha msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Masika huyageuza maziwa hayo mawili kuwa maji mapana. Kiangazi huyaacha yakiwa mbuga za nyasi, na viboko hubanana kwa mamia katika madimbwi ya tope. Wabende wa eneo hilo waliamini kuwa mzimu Katabi ulikaa kando ya Ziwa Katavi, na watu walipeleka sadaka chini ya mkwaju.

Mvua kubwa za 1961 na 1962, na zile za El Niño za 1997 na 1998, zilifurisha mito na maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambamo mto huo hupita, ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa miaka ya 1990 hadi kilomita za mraba 4,471. Baadaye wakulima wa mpunga walichepusha maji sehemu ya juu ya mto kwa mabwawa na mifereji, na tangu miaka ya 2000 Katuma umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi.