Mawenzi, Kibo na Neno "Baridi"

Atazamaye milima ya Uluguru kutoka Mazimbu, Morogoro, huona misitu na ukungu. Mita zake 2,600 na ushei hazitoshi kushika barafu. Mwenye kuitaka barafu hana budi kwenda kaskazini, Kilimanjaro, ambako kilele cha Mawenzi, majabali matupu yaliyochongoka hadi mita 5,149, kinatazamana na Kibo na nyanda zake za barafu. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, hata Kibo akachoka naye, akampiga kwa mchi. Ndiyo asili ya mapengo yale.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Yule bwana hakuwa na jina lake. Akakisia kuwa ni "baridi". Wapenzi wa ushairi, tusilipite jibu hili upesi. Barafu na theluji ni maneno yaliyotujia kwa njia ya bahari, moja asili yake Kiajemi, jingine Kiarabu. Yeye hakuyahitaji: alikiita kitu kwa kile kinachomfanya mtu ahisi mwilini, na alisema kweli.

Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakupata kukanyaga bara hili, aliikanusha theluji hiyo katika kitabu chake cha 1852. Hata Baron von der Decken alipopanda mlima mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji, mzee alishikilia lake. Neno moja la kiongozi wa msafara lilikuwa na elimu kuliko kitabu kizima.

Mawenzi chenyewe kilipandwa kwanza mwaka 1912, na Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, miaka 23 baada ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kufika juu ya Kibo. Mawe yake huvunjika na kuporomoka, kwa hiyo wapandaji wengi hukiacha. Lakini Klute alichora pia ramani ya barafu ya Kibo, na hiyo ndiyo wanayopimia wataalamu hadi leo: kilomita za mraba 12 hivi mwaka ule, chini ya 2 mwaka 2011. Mwaka 2012 uwanda wa kaskazini, mkubwa kuliko zote, ulionekana umegawanyika vipande viwili, na mtu aliweza kupita katikati yake kwa miguu.