Namna wingu la Amazon lilivyoshushwa hadi kwenye kompyuta moja

Kijana wa Goma au Bukavu anayejifunza kuandika programu hukutana na kizuizi mapema. Akitaka kufungua akaunti ya Amazon Web Services, hata kwa ile sehemu ya bure, anaombwa kadi ya benki. Yeye ana M-Pesa au Airtel Money kwenye simu, kadi hana. Akiipata kwa mjomba, bado kuna megabaiti za kununua kila anapojaribu kazi yake. Ndiyo maana historia ya programu huria zinazoiga "wingu" ndani ya kompyuta moja inamhusu, ingawa karibu yote ilifanyika mbali na Kivu.

Wingu lenyewe si kitu cha angani. Ni kompyuta za mwenye mali, zikikodishwa kupitia intaneti. Mwezi wa tatu 2006 Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi mafaili, ikaiita S3. Mwezi wa nane mwaka huohuo ikaja EC2, yaani kukodisha kompyuta nzima kwa saa. Wachache wanajua kwamba EC2 ilitengenezwa Cape Town, Afrika Kusini, na kikundi kidogo cha Chris Pinkham, mhandisi wa Amazon aliyetaka kurudi kwao. Hata hivyo Afrika ilingoja hadi 2020 ndipo Amazon ikafungua vituo vyake vya wingu katika mji huohuo.

Ili watu watumie huduma hizo, Amazon ilitangaza wazi namna ya kuziomba: maneno gani programu itume ili faili lihifadhiwe, na jibu gani litarudi. Hapo ndipo wigaji walipopata njia. Kama maneno ya kuomba yanajulikana, mtu mwingine anaweza kuandika programu inayoyapokea na kujibu vilevile. Anayeomba hatatambua tofauti.

Waliofanya hivyo mapema kwa ukubwa ni watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakiongozwa na Rich Wolski. Mwaka 2008 walitoa Eucalyptus, wingu la kujisimikia kwenye seva zako mwenyewe, linaloelewa maombi yaleyale ya Amazon. Amazon haikuwapeleka mahakamani. Mwaka 2012 ilitia saini mapatano na kampuni iliyotokana na kazi hiyo. Swali lilibaki: maneno ya kuomba huduma yana mwenyewe? Oracle na Google waligombana miaka zaidi ya 10 juu ya jambo la namna hiyo, mistari karibu 11,500 ya Java. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Google haki kwa kura 6 dhidi ya 2. Lakini haikusema kwamba maneno hayo hayana mwenyewe. Ilisema tu kwamba Google iliyatumia kwa njia ya haki.

Eucalyptus ilihitaji chumba cha seva. Mwandishi wa programu mwenye kompyuta moja alikuwa na shida ndogo zaidi, ila ya kila siku. Anajaribu kazi yake mara nyingi kabla ya jua kuzama. Kila jaribio likienda kwenye wingu la kweli, anangoja na analipa, na akisahau kuzima kompyuta aliyokodi, saa zinahesabiwa usiku kucha.

Mwaka 2013 Steve Pulec alitoa Moto. Msomaji wetu asifikirie jiko wala pikipiki: jina linatokana na boto, programu ya Python ya kuongea na Amazon, ambayo nayo ilipewa jina la pomboo wa mto Amazon. Moto inasimama katikati, inajibu kana kwamba ni Amazon yenyewe. Michael Hart naye aliandika Dynalite, akiiga hifadhidata ya DynamoDB. Mwaka huohuo wa 2013 Amazon ilitoa nakala yake ya DynamoDB ya kuendeshea nyumbani, ya bure lakini iliyofungwa, isiyoonyesha ilivyoandikwa. Mwenye duka alikuwa ameona wateja wanachotafuta.

Kisha ikaja LocalStack, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya Atlassian kwa mkono wa Waldemar Hummer na kujulikana kwa wengi mwaka 2017. Haikuanza kutoka sifuri. Ilichukua Moto, Dynalite na nyingine, ikaziweka chini ya paa moja. Mtumiaji anabadilisha anwani tu: badala ya kuelekea Amazon, maombi yanarudi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Furushi lake linapakuliwa mara moja, na linaweza kubebwa kwa flash hadi kompyuta nyingine.

Kuiga kuna mipaka. Toleo la bure la LocalStack halikukagua ruhusa kama Amazon inavyofanya, kwa hiyo kazi inayopita nyumbani inaweza kukataliwa ikifika kwenye wingu. Tena mafaili yaliyowekwa humo hayakudumu baada ya kuizima. Umeme ukikatika, unaanza upya. Kudumisha mafaili na kukagua ruhusa viliwekwa upande wa wanaolipa.

Jambo hilo la kulipa ndilo zito. MinIO, inayoiga S3 na iliyoanza 2014, ilibadilisha leseni yake mwaka 2021, ikachukua yenye masharti makali zaidi. Mwaka 2025 kampuni iliondoa katika toleo la bure kurasa za kusimamia hifadhi, na waliozizoea wakalalamika sana. Leseni ya zamani haiwezi kunyang'anywa: aliye na nakala ya kabla ya 2021 anaweza kuendelea nayo, kuirekebisha na kuigawa. Ila matundu ya usalama yanayogunduliwa leo, ni yeye mwenyewe wa kuyaziba.