Kati ya Ishara na Nguvu: Historia ya Transista za Nguvu Ikitazamwa kutoka Kisangani

1. Utangulizi

Makala haya yanaeleza historia ya tatizo moja la elektroniki: namna kifaa kidogo kinachofanya hesabu zake kwa volti chache kinavyoweza kuamuru mkondo mkubwa wa umeme. Hoja yake ni kwamba hatua iliyo kati ya mwenye kuamuru na mwenye kubeba mzigo, ambayo mara nyingi hudharauliwa, ndiyo inayoamua kama mtambo utadumu au utaungua.

Kisangani ni mahali panapofaa kulitazama suala hilo. Vyombo vinavyopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,700, hukomea hapo kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma. Mto ni mmoja, lakini maji ya juu na maji ya chini hayapitiki kwa chombo kimoja. Kwa hiyo mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125 hivi hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Shehena ilishushwa mtoni, ikapandishwa garimoshi, kisha ikapakiwa tena upande wa pili. Viwango viwili visivyolingana vilihitaji kiungo cha katikati, na kiungo hicho kilipokwama, mto mzima ulikwama.

2. Kutoka relei hadi transista

Wahandisi wa umeme walikutana na jambo hilo mapema. Katika miaka ya 1830 Mmarekani Joseph Henry alionyesha kwamba mkondo dhaifu unaweza kuamsha sumaku, na sumaku hiyo ikafunga swichi ya mkondo mwingine wenye nguvu zaidi. Kifaa hicho, relei, kiliiwezesha telegrafu kuvuka masafa marefu. Relei ilikuwa na kasoro zake: ni nzito, hufanya kazi polepole, na ncha zake huungua.

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani. Katika miaka ya 1960 zilienea transista kubwa kama 2N3055 ya kampuni ya RCA, yenye uwezo wa kupitisha ampea 15. Transista ya aina hiyo huamriwa kwa mkondo unaoingia kwenye besi yake. Ikiwa ukuzaji wake ni mara 20, basi ili ipitishe ampea 4 inadai miliampea 200 kutoka kwa mwenye kuiamuru.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa mikroprosesa yake ya kwanza, 4004, na vifaa vya jamii hiyo vikaenea duniani. Mikroprosesa ni hodari wa hesabu lakini mguu wake wa kutolea ishara hutoa miliampea chache tu. Suluhisho moja lilikuwa limekwisha kuwapo: Sidney Darlington alikuwa ameunganisha transista mbili, ndogo ikiilisha kubwa, na kupata hataza mwaka 1953. Bei ya suluhisho hilo ni volti moja hivi, au zaidi, inayopotea kila wakati kwa sura ya joto.

3. Kizingiti na maana yake

Mwaka 1979 kampuni ya International Rectifier ilileta sokoni transista za nguvu za MOSFET kwa jina la HEXFET. Hizi huamriwa kwa volti kwenye lango lake, na lango likishajaa halidai mkondo wa kudumu. Wengi walidhani tatizo limekwisha.

Halikwisha. Jedwali la IRFZ44N, transista inayojulikana sana kwa mafundi, linaonyesha kizingiti cha volti 2 hadi 4. Msomaji mwenye haraka huhitimisha kwamba volti 3.3 za mikroprosesa ya leo zinatosha. Lakini kizingiti ni mahali ambapo transista inaanza tu kupitisha mkondo mdogo mno, robo ya miliampea. Ukinzani wake mdogo, omu 0.0175, umepimwa lango likiwa na volti 10. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa mkondo wa ampea 10, transista iliyofunguka kabisa hupoteza wati 1.75. Iliyofunguka nusu, ikibakiwa na volti 3 kati ya ncha zake, hupoteza wati 30 na kuungua upesi isipokuwa ina kipoza joto kikubwa.

Kasi nayo ina madai yake. Lango ni kama mtungi: sharti lijazwe na kumwagwa kila swichi inapofunguka na kufungika. Lango la IRFZ44N likijazwa kwa miliampea 10 laweza kuchukua zaidi ya maikrosekunde 6. Likijazwa kwa ampea moja, muda huo hupungua mara mia. Katika swichi inayogeuka mara 20,000 kwa sekunde, kila mzunguko una maikrosekunde 50 tu, na kila maikrosekunde ya kusitasita ni joto.

Kwa hiyo huwekwa kifaa cha katikati, ambacho kwa Kiswahili chaweza kuitwa mshenga. Hupokea neno dogo la volti 3.3 na kulifikisha langoni kwa volti 10 au 12, kwa mkondo wa kutosha. Ukinzani kutoka langoni hadi ardhini hukamilisha kazi, ili lango lisielee bila amri mikroprosesa inapoamka.

4. Kwa nini jambo hili lina uzito Kisangani

Mji huu una mtambo wake wa umeme wa maji kwenye Mto Tshopo, uliojengwa katika miaka ya 1950, wenye uwezo unaopungua kidogo megawati 20. Njia kuu ya umeme kutoka Inga hadi Shaba, iliyokamilika mwaka 1982, ilivuka kilomita 1,700 kuelekea migodi ya kusini, si kuelekea Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita, maji na umeme vilikatika.

Umeme wa jumla usipotegemewa, watu hutegemea paneli za jua, betri na inveta, na ndani ya vifaa hivyo mna transista za nguvu. Fundi anayeondoa iliyoungua aweza kuweka IRFZ44N mahali pa IRLZ44N, kwa kuwa majina yanatofautiana kwa herufi moja. Ya pili ilitengenezwa kwa ishara ndogo, ingawa hata hiyo imedhaminiwa kwa volti 4 na 5, si 3.3. Kosa hilo humgharimu mwenye duka la dawa au zahanati jokofu la usiku mmoja.

5. Hitimisho

Kiswahili kimesemwa kwenye maporomoko haya tangu kabla ya Tippu Tip kufanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho asili yake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1963, mafunzo hutolewa kwa Kifaransa, na majedwali ya transista huja kwa Kiingereza. Hata hivyo neno lililohitajika lilikuwapo. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba aliyefika kizingitini bado hajaingia nyumbani. Fundi aliyefundishwa kwa neno hilo hangeisoma volti 3.3 kuwa ruhusa ya kuingia. Istilahi za sayansi, basi, zina kazi kubwa kuliko kupamba kamusi: huweza kuokoa inveta.