Sindano, mtoto na titi la mama

(Muziki unashuka)

Leo naanzia Nakasero, kile kilima cha Kampala, kwenye Barabara ya Lourdel. Hapo ndipo ilipo Wizara ya Afya, yenye mpango wa chanjo wa taifa, UNEPI, ulioanza 1983.

Miaka hiyo, duniani kote, madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi. Wengine walimpasua bila ganzi ya kutosha, wakampa tu dawa ya kumlegeza asitikisike. Mama yeyote angewaambia ukweli, lakini nani alimuuliza?

Mwaka 1987 Dakta Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache kuliko wasiopewa. Mwaka 1997, watafiti wa Toronto, Kanada, waliona kwamba wavulana waliotahiriwa bila dawa hiyo walilia zaidi kwenye chanjo, miezi baadaye, kuliko wasiotahiriwa. Mwili ulikuwa umekumbuka.

Chanjo yenyewe ilisubiri hadi 2015, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo. Manesi wengi walifundishwa kwamba, baada ya kuchoma, wavute sindano nyuma kidogo waone kama damu inaingia. Mwongozo ukasema waache: sehemu wanazochoma hazina mishipa mikubwa ya damu, na kule kuvuta kunaongeza maumivu. Inayouma zaidi ije mwisho. Mtoto ashikwe na mama, asilazwe chali mezani, na anyonye kabla au wakati wa sindano. Hakuna kinachohitaji pesa hapo.

Mdogo wangu alilazwa mezani, mama akaambiwa asimame pembeni. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mwezi uliofuata mama hakurudi kliniki. Si kwamba alidharau chanjo, aliogopa kile kilio. Alirudi jirani yetu alipomwambia, "Mama, mwombe musawo umnyonyeshe."

Wenye watoto wa wiki 14, siku hiyo sindano ni zaidi ya moja. Musemeshe musawo mapema, kabla hajaandaa dawa: "Nitamshika mwenyewe, na atanyonya." Vaeni nguo inayofunguka mbele.

(Muziki unapanda)