Mzigo Uliomo Ndani ya Magadi

Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914–1918, na hata leo mtaa ule unaishi kwa mizigo itokayo mbali. Mzigo ninaotaka kuuzungumzia ni magadi, yale mabonge ambayo mama zetu hutia katika maharage, makande na kisamvu ili vilainike upesi.

Magadi yana historia ndefu kuliko soko lenyewe. Maji huingia Ziwa Natron lakini hayana pa kutokea. Jua huyakausha, chumvi ikabaki. Ipi ibaki na ipi itangulie kuzama, hiyo ni hesabu ya kemia. Mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Sweden alidai kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye umeme, yaani ioni. Mwaka 1923 Debye na Hückel wakaeleza kwamba kila ioni huzungukwa na ioni za umeme wa kinyume, hivyo nguvu yake ya kutenda huwa ndogo kuliko wingi wake. Ni kama mtu katika msongamano wa Mtaa wa Kongo: yupo, lakini haendi apendako. Hesabu yao ilifaa maji yenye chumvi kidogo tu. Kwa maji mazito kama ya Natron ilibidi zingojwe kanuni za Kenneth Pitzer za mwaka 1973.

Kemia hiyo yatueleza kwamba maji yanapopungua, kalsiamu hushikana na kaboneti ikatuama kama chokaa. Kalsiamu ikisha kwisha, hakuna wa kuishika floraidi na kuizamisha. Basi floraidi hubaki pamoja na sodiamu, na mwishowe hukauka ndani ya magadi.

Hapo ndipo kemia inapoingia jikoni. Floraidi ikizidi huyatia madoa meno ya watoto yanapokuwa yanajengeka, na kuichemsha hakuiondoi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno nchini walionyesha kwamba madoa hayo hupatikana hata penye maji ya kunywa yenye floraidi kidogo, na magadi yakatajwa kuwa sababu mojawapo.

Siwalaumu wapishi wetu. Kuni na mkaa ni ghali, na magadi huokoa vyote viwili. Lakini maharage yaliyolowekwa usiku kucha nayo huiva mapema, na maji hayo hayamdai mtoto meno yake.