Kifurushi au Mashine ya Presha? Hoja kuhusu Uchunguzi wa Afya kwa Wanaume

Hospitali binafsi za Dar es Salaam na Nairobi huuza vifurushi vya uchunguzi wa mwili mzima: lehemu, ini, figo, moyo na tezi dume, vyote asubuhi moja. Makala haya yanadai kwamba wingi wa vipimo si kinga. Kipimo hukinga pale tu kinapotafuta ugonjwa unaotibika mapema, na aliyepimwa akafuatiliwa.

Nchini Denmark, utafiti wa Inter99 uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wakazi karibu 60,000 wa eneo la Copenhagen. Sehemu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, walialikwa kupimwa na kupewa ushauri kwa miaka 5. Baada ya miaka 10, maradhi ya moyo, kiharusi na vifo havikutofautiana na vya wenzao ambao hawakualikwa. Msomaji atasema Denmark si Tanzania, na ana haki: kule daktari wa familia humpima mtu presha hata akienda kwa shida nyingine. Kwetu mwanamke hupimwa kliniki ya wajawazito. Mwanamume hana mlango kama huo, na wapo wanaoijua presha yao wakiwa tayari wamelazwa kwa kiharusi.

Pengo hilo lipo, ila kifurushi hakilizibi. Kipimo cha damu cha PSA, kinachotafuta dalili za saratani ya tezi dume, kinapendwa kwa kuwa kinamwepusha mtu na kidole cha daktari kinachopapasa tezi hiyo (utani wa vijiweni kuhusu kidole hicho hauishi). Lakini PSA hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa maambukizi au tezi iliyotanuka kwa umri tu. Kinachoweza kufuata ni kunyofolewa vinyama vya tezi vipelekwe maabara. Saratani ikionekana, huenda ni ile itambaayo polepole ambayo isingemuua, ilhali upasuaji waweza kumwachia mkojo usiozuilika na nguvu za kiume zilizopotea. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, lililokipinga kipimo hiki mwaka 2012, lilirudi mwaka 2018 likawaachia wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue na daktari. Weusi wa huko wako hatarini zaidi, kwa hiyo mazungumzo hayo yana uzito wa pekee kwao. Orodha ya bei haizungumzi.

Presha ni habari nyingine. Mtu anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Namba zikifika 140/90, hurudiwa siku nyingine kabla hajaitwa mgonjwa. Dawa zipo, nyingi za bei nafuu. Huko Los Angeles, mtafiti Ronald Victor na wenzake waliwafuata wanaume weusi 319 wenye presha katika saluni 52 za kunyolea. Kundi moja lilipewa dawa na mfamasia palepale saluni, kwa makubaliano na madaktari. Jingine lilihimizwa na vinyozi kwenda kwa daktari. Baada ya miezi 6, namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 27 kundi la kwanza, na kwa 9 la pili. Wote walipimwa, kilichowatenganisha ni matibabu yaliyowafuata walipo.

Kuiga hilo Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, kunadai sheria, mfamasia anayelipwa na dawa zisizokatika. Kwa hiyo mpango wowote wa wanaume usihesabiwe kwa idadi ya waliopimwa siku ya uzinduzi, bali kwa wangapi kati ya waliokutwa na presha bado wanameza dawa mwaka mmoja baadaye.